Mtungi wa Kitambaa Chekundu

Mashine ya kupima maziwa ililetwa sokoni na mradi fulani, ikafanya kazi wiki tatu, ikagoma, na mpaka leo iko pale kwenye kona, wanawake wanaitundikia mitandio yao. Hakuna aliyelalamika. Soko la maziwa ya ngamia la Isiolo lilikuwa na pua ya Farhiya, na pua hiyo haikuhitaji fundi wala umeme.

Gari la maziwa kutoka kijiji cha Kulamawe lilikuwa likifika mwendo wa saa nne asubuhi. Mitungi ya manjano inashushwa, kila mmoja umefungwa kitambaa chake shingoni ili mwenyewe ajulikane, na Farhiya anapita akifungua vifuniko. Ananusa. Asiporidhika anachovya kidole. Huu umetiwa maji. Huu ni wa jana jioni, usiuchanganye na wa leo. Huu mtungi haukufukizwa moshi vizuri, mwambie mwenyewe asituletee uvivu mjini. Akipiga simu kwa wanunuzi wa Eastleigh, Nairobi, na kusema, "Wallahi haya ni ya leo," hakuna aliyeuliza swali la pili, kwa sababu Farhiya hakuwa mtu wa kuapa uongo. Umulkheir, waliyeuza naye meza moja, alikuwa akimtania: "Bwana yako lazima anaoga mara tatu kabla ya kuingia nyumbani, na hiyo pua." Farhiya anacheka mpaka mtandio unamwanguka. Alikuwa mwanamke wa kucheka huyo, kabla ya mambo haya.

Na mambo haya yalianzia mbali kidogo, kwenye ukame ule mkubwa. Yeye na mumewe Bile walikuwa na binti mmoja, na ngamia kumi na wanane waliokuwa wakichungwa na kaka yake Bile huko Kulamawe. Ngamia wakafa mmoja mmoja. Bile akawa dalali kwenye soko la mifugo, akisifia ngamia wa watu wengine kutwa nzima. Wakakaa chini mke na mume, wakakubaliana kwamba mtoto mwingine si sasa. Farhiya akaenda kliniki akawekewa kijiti cha kuzuia mimba, cha miaka mitano, kwenye mkono wa kushoto, chini ya ngozi, juu kidogo ya kiwiko. Ilikuwa siri ya watu wawili.

Lakini mama yake Bile, mama Ubah, alikuwa na vidole. Mwanamke aliyepapasa ngamia miaka sitini akitafuta kupe kwenye manyoya, utamficha nini? Siku ya msiba mmoja wa ukoo alimshika Farhiya mkono kumfariji, na vidole vikasimama.

"Nini hii?" akauliza.

Mama Ubah akapapasa tena, polepole, kutoka mwanzo wa kile kijiti mpaka mwisho wake. Kisha akauachia mkono.

Wasomali wana desturi moja tamu sana. Mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye: mtoto anaita hoyo, yaani mama, na mama naye anamjibu, hoyo. Tangu siku ya harusi mama Ubah alikuwa akimwita Farhiya hoyo. Kuanzia siku ile ya msiba alimwita Farhiya. Basi. Hakugomba, hakutukana, hakumsema kwa watu. "Salaam aleikum, Farhiya. Watoto wa watu hawajambo, Farhiya?" Miaka minne. Heri angemtukana mara moja yakaisha.

Mvua zilipokubali kunyesha tena, na Bile akapata ngamia wake wanne wa kuanzia, alirudi nyumbani mchana mmoja, akavua viatu, akasema, "Farhiya, mimi naona wakati umefika."

"Mimi naona umepita hata kidogo," akasema Farhiya. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kesho yake alikuwa kliniki kabla ya mlango kufunguliwa.

Nesi wa pale aliitwa Jane Achuka, Mturkana mwenye mdomo, na wanawake wa mtaa wa Bula Pesa walimpenda kwa ajili ya mdomo huo. Alikitoa kijiti kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akakiweka kwenye kisahani ili Farhiya akione.

"Haya, mama. Unataka mtoto lini?"

"Jana."

Wakacheka wote wawili. Kisha Jane akavuta kiti karibu, akawa mtu wa kazi. "Mgeni anaandaliwa kabla hajapiga hodi. Hizi tembe za folik, moja kila siku, anza leo, usingoje mimba. Nakupima presha, nakupima damu. Na wewe niambie yote, mficha uchi hazai. Unakula nini? Unakunywa nini?"

"Maziwa."

"Ya kuchemsha?"

Farhiya akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anafua maji.

Jane akatoa damu nyingine, akaenda nayo, akarudi. "Nimekupima brusela, ile homa ya maziwa. Huna. Uko safi kabisa, na nataka ukae hivyo. Maziwa yote unayokunywa, chemsha, mpaka uzae."

"Hata ya ngamia?"

"Ya ngamia, ya ng'ombe, ya mbuzi. Hata ukikamua simba, chemsha."

"Sista, maziwa ya ngamia haichemshwi. Ukiyaweka kwa moto, huko aliko ngamia matiti yake inaungua."

"Nimekaa hapa Isiolo miaka kumi na tisa," Jane akasema. "Ngamia aliyeungua matiti sijamwona. Mama aliyetoka mimba nimemwona, na si mmoja."

"Mimi niko na pua. Maziwa mbaya naijua nikiwa barabarani."

"Brusela haina harufu, mama."

Hilo ndilo lililomshinda Farhiya. Kitu kibaya kisicho na harufu! Alilichukua neno lile akaliweka pembeni, mtu anavyoweka zawadi asiyoijua matumizi yake. Lakini alikuwa mtiifu. Maziwa aliyokunywa pale sokoni aliyachemsha kwenye jiko la chai, akifunika pua kwa mtandio, na Umulkheir akimuuliza kama anapika maziwa au anapika sabuni.

Ijumaa iliyofuata alipanda gari la maziwa likirudi Kulamawe na mitungi mitupu. Hakutaka habari hii ipite kwenye simu. Mama Ubah alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake ya mikeka, akinyoosha miguu, maana magoti yalikuwa yameanza kumuuma.

"Karibu, Farhiya," akasema.

Farhiya akakaa chini mbele yake, akapandisha mkono wa dera, akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole vya mama Ubah vikaja. Vikapapasa, vikatafuta, vikarudi nyuma, vikatafuta tena. Vilikuta kovu dogo tu. Yule mzee akainama, akaweka paji la uso juu ya mkono ule, na Farhiya akahisi machozi yakimtiririkia kwenye kiwiko.

"Hoyo," akasema mama Ubah. "Karibu nyumbani, hoyo."

Miaka minne! Farhiya alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Baada ya siku nne mtungi mdogo ulishuka kwenye gari pamoja na ile mingine. Ulifungwa kitambaa chekundu, na Farhiya alikijua kitambaa chenyewe, kilichanwa kwenye dera la mama Ubah la kuvalia Idd. Kabla hajaufungua simu ikalia.

"Huo si wa kuuza," mama Ubah akasema. "Ni wa ngamia mmoja tu, simchanganyi na mwingine. Unataka kubeba mtoto, lazima mwili upate nguvu. Unywe hivyo hivyo, ukiwa na povu lake. Usiniletee mambo ya mjini."

"Sawa, hoyo."

"Si sawa. Kunywa, halafu nipigie, useme wallahi nimekunywa."

Farhiya akafungua kifuniko, akanusa. Moshi wa mti mzuri, utamu, ubaridi wa asubuhi. Katika miaka yake yote sokoni hajakutana na maziwa safi kama yale. Sufuria ilikuwa mkononi, jiko lilikuwa linawaka, maneno ya Jane yalikuwa sikioni. Ee Mola, laiti angetokea mtu wakati ule, mtu yeyote, hata mdai wa kodi, akamwambia, weka motoni! Lakini angechemsha, kisha aape kwamba amekunywa kama alivyotumiwa? Yeye, wa kuapa uongo? Na kwa nani? Kwa yule aliyemrudishia jina lake? Akanusa tena. Pua ikamwambia, haya hayana neno. Akaitua sufuria, akanywa mpaka tone la mwisho, akapiga simu.

"Wallahi nimekunywa, hoyo."

"Alhamdulillahi," akasema mama Ubah, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Ikawa hivyo mara mbili kwa wiki. Mwezi wa pili haukuisha kabla Farhiya hajashika mimba. Bile alipoambiwa alikwenda sokoni akanunua matikitimaji mawili, akarudi, akayatazama, akaenda kununua la tatu. Kila jioni alikuja mapema nyumbani na kumuuliza binti yao kama mama amemeza tembe yake. Kule Kulamawe mama Ubah alianza kusuka mkeka mdogo wa kumlazia mtoto. Na Jane alipouliza, "Maziwa unachemsha?" Farhiya alijibu, "Nachemsha," kwa kuwa ya sokoni alikuwa akiyachemsha kweli. Jane alikuwa Mkristo, hakuwa na tabia ya kumwambia mtu sema wallahi.

Mwezi wa tano viungo vikaanza kumuuma. Akatoka jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi akaamka mzima. Akasema ni mimba, kwani mimba ina starehe gani? Mama zetu walisema hivyo hivyo. Akameza Panadol akaenda kazini.

Ilikuwa Jumatano, saa nne na nusu, gari limeshafika. Alikuwa ameshafungua vifuniko sita. Kwenye cha saba akashika tumbo, akaita, "Umulkheir," kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba apishwe. Umulkheir alipogeuka aliona chini. Wanawake wa soko walivua mitandio wakamzungushia ukuta wa nguo, wakambeba hivyo mpaka kwenye gari.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizidi kidogo urefu wa kiganja cha baba yake, na alikuwa na kucha. Mimba iliyopita miezi minne imeshapuliziwa roho, basi hutupi, unazika. Wakamwosha, wakamfunga kitambaa cheupe, na Bile akampa jina la marehemu baba yake, Abass. Walimzika alasiri ile ile, ule upepo wa Isiolo wa alasiri ukiwarushia mchanga machoni. Farhiya alikuwa wodini. Wanawake hawaendi makaburini, na hata wangekuwa wanaenda, miguu hakuwa nayo. Alilala akiwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, tumbo lililokuwa bado na joto, na hakulia, maana kulia kunataka pumzi.

Siku ya pili Jane akaja wodini na karatasi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni brusela," akasema kwa upole. "Mara ya kwanza ulikuwa safi, nilikupima mwenyewe. Farhiya, ulikunywa maziwa ya wapi?"

Yalikuwa ya mtungi mmoja tu duniani. Mengine yote yalipita motoni.

"Ya sokoni," akasema, akageukia ukuta.

Jane akamwandikia dawa za wiki sita. Farhiya aliutazama ukuta ule mpaka jioni, na mawazo yake yalikuwa haya: nilifungua kinywa changu mwenyewe. Niliambiwa, nikanusa, nikanywa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini uchungu wa mzazi aliyemnywesha mwanawe kifo akiwa tumboni hauna methali.

Mama Ubah alifika siku ya nne, ameketi mbele kwenye gari la maziwa, na ilibidi wanaume wawili wamshushe kwa sababu ya magoti. Nyumba ya Bula Pesa ilikuwa imejaa wanawake wa kuhani, Umulkheir akigawa chai. Mzee akakaa mkekani karibu na Farhiya, akamshika mkono wa kushoto, na kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye lile kovu.

"Ni hiki," akawaambia wanawake. "Kijiti hiki. Miaka mitano kimekaa kinakausha nyumba ya mtoto. Sasa mtoto ameingia, amekuta nyumba haina maji. Atakaaje?"

Wanawake wakatikisa vichwa. Umulkheir alisimama na birika mkononi, na mkono wake wa pili ukapanda taratibu ukajishika juu ya kiwiko. Naye alikuwa na chake pale, cha mwaka mmoja, baada ya kuzaa watoto watano wa mfululizo ambao wa mwisho karibu amuue. Bile alikuwa mlangoni. "Ningejua," akasema bila kumtazama mkewe, "nisingekubali." Akavaa viatu akaondoka.

Wageni walipopungua mama Ubah alisogea karibu, akashusha sauti, akawa yule hoyo wa kubembeleza.

"Usife moyo, mwanangu. Si wewe peke yako. Hata yule ngamia wako yamemkuta."

"Ngamia wangu yupi, hoyo?"

"Huyo ninayekukamulia. Muda mfupi kabla hujaja na ule mkono wako alitupa ndama. Ndama ameshaota manyoya, amebakiza siku chache tu! Mimi nikasema, haya maziwa hayana mwenyewe, Mungu ameyaweka kwa hoyo wangu. Hakuna ndama wa kugawana naye, atapata yote. Nikachuna ile ngozi ya ndama. Kila alfajiri namwekea mbele, anainusa, anaona mtoto wake yupo, ananiachia maziwa. Maskini. Ninyi wawili mtajuana."

Farhiya akamwona yule ngamia gizani, shingo imeinama, akinusa ngozi tupu. Naye Farhiya pua yake ilikuwa imemdanganya.

Akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tayari, ulimini. Akamtazama mama Ubah: magoti yamevimba, macho yamekuwa mekundu kwa kulia, jasho kwenye paji la uso ingawa chumba kilikuwa baridi. Na ule mkono wenye vidole vilivyomkamulia gizani, mara mbili kwa wiki, bila kukosa.

"Ndiyo, hoyo," akasema. "Ni kijiti."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Bile alilala chumba kingine, akasalimia kwa adabu kama mpangaji. Umulkheir akaja kusema kwamba Jumatatu anakwenda kukitoa chake, na alipoulizwa atazuia na nini akasema atazuia na Mungu. Farhiya akamsikiliza tu. Lakini lililomvunja hasa lilikuwa kumwona mama Ubah akijaribu kuinuka kutoka sijdani na kushindwa, na asubuhi kulikuta shuka lake limelowa jasho, chepechepe. Aliyajua majasho yale. Siku ambazo mtungi hausafiri, mzee alikuwa akinywa maziwa ya ngamia huyo huyo. Farhiya akaona kwamba akinyamaza atamwachia mama mkwe moyo wake na kumwua mwili, na akisema ataukuta mwili mzima, moyo hakuna.

Akajaribu kupita katikati. "Hoyo, twende kwa sista akakuangalie magoti." Walipofika alimwacha mzee kwenye benchi, akaingia peke yake, akafunga mlango.

"Sikukwambia kweli. Haikuwa ya sokoni," akasema. Akaeleza yote. "Mpime, mpe dawa. Lakini ya mtoto usimwambie. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

Jane alisugua macho. "Sitamwambia. Lakini akiniuliza sitamdanganya, mama."

Kipimo kikatoka. Jane akainama mbele ya mzee, akasema polepole, "Mama, una homa ya maziwa. Ndiyo inakula magoti. Utameza dawa wiki sita, utapona."

"Maziwa gani?"

"Mabichi. Ya mnyama mgonjwa."

Mama Ubah akacheka kidogo, cheko la mtu wa kazi anayefundishwa kazi yake. "Mnyama mgonjwa mimi namjua. Huyu wa homa yako anaonyesha nini?"

Jane akatazama kalenda ukutani.

"Sista, nimekuuliza. Anaonyesha nini?"

"Anatupa mimba, mama."

Benchi la nje lilikuwa na watu wakizungumza, mtoto mmoja akilia sindano. Vidole vya mama Ubah vilikuwa vikitembea juu ya goti lake vyenyewe, vikitafuta.

"Na mtu?" akauliza.

Jane akaweka kalamu chini. "Na mtu pia, mama."

Walirudi kwa miguu, polepole, mzee ameegemea mkono wa kushoto wa Farhiya. Kufika langoni mama Ubah akasimama.

"Kwa nini ulisema ni kijiti?"

Jibu la Farhiya likatoka lilivyokuwa. "Ulikuwa umeniita hoyo. Sikutaka uache."

Yule mzee alikaa pale pale langoni, mchangani, akajipiga mapaja kwa viganja. "Abass!" akalia. "Abass, nimekuzika mara mbili, na mara ya pili ni kwa mkono wangu!" Watu wakatoka majumbani. Farhiya akakaa chini naye, akamkumbatia kichwa, na hapo ndipo naye alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano, kwa sauti, bila kujali nani anatazama.

Lakini mama Ubah hakuwa mtu wa kuficha kitu baada ya kukijua. Alimwita Bile mbele ya mkewe, akamwambia yote kwa kinywa chake, na Bile akainamisha kichwa, akasema, "Farhiya, nisamehe," na usiku huo akarudisha mto wake. Asubuhi mzee akaomba apelekwe soko la maziwa kabla ya kupanda gari. Akasimama na fimbo yake mbele ya mitungi, akamtafuta Umulkheir kwa macho.

"Hicho cha mkononi kiache," akamwambia mbele ya soko zima. "Si kijiti kilichomuua mjukuu wangu. Ni mimi."

Akapandishwa garini, dawa zake za wiki sita zimefungwa kwenye mfuko ndani ya mtungi mtupu. Yule ngamia alitengwa na wenzake, daktari wa mifugo akaenda kutoa damu. Kutoka Kulamawe ikawa kimya. Wiki moja, mbili, tatu. Simu haikulia, na Farhiya akipiga, kaka yake Bile alisema mama amelala. Farhiya alinusa mitungi ya watu, akaapa wallahi kwa Eastleigh, akameza dawa zake, akawa hacheki.

Wiki ya nne gari likashusha mtungi wenye kitambaa chekundu.

Aliuweka mezani muda mrefu kabla ya kuufungua. Alipouinua mfuniko, harufu ilimpiga mpaka akarudi nyuma hatua moja. Yalikuwa yameungua. Yalichemshwa kwa moto mkali mno, kwenye sufuria isiyofaa, yakapanda, yakamwagika, yakashikana chini, na yule aliyechemsha hakujua akoroge wala aache, kwa sababu katika miaka yake sabini na kitu hakuwahi kuweka maziwa motoni hata siku moja. Na aliamini, aliamini bado, kwamba alipokuwa akikoleza ule moto kuna ngamia wake mmoja aliyekuwa akiungua.

"Hiyo imeharibika," Umulkheir akasema kutoka upande wa pili wa meza, ameziba pua. "Mwaga tu, dada."

Farhiya akamimina kikombe. Vipande vyeusi vilielea juu. Akanywa, na ukakasi ukamkwaruza koo, akamimina cha pili akanywa, akamaliza mtungi mzima amesimama. Simu ikalia.

"Salaam aleikum, hoyo. Mtungi imefika?"

"Imefika, hoyo."

"Ni ya ngamia mwingine, amepimwa. Nimechemsha mpaka ikapanda mara tatu. Sijui kama nimefanya vizuri." Upepo wa Kulamawe ukavuma ndani ya simu. "Umekunywa?"

"Nimekunywa yote."

"Ni tamu?"

Farhiya alitazama mitungi iliyopangwa mbele yake. Soko zima lilijua kiapo chake kina thamani gani.

"Wallahi, hoyo," akasema. "Ni tamu."